Tusiogope Mstari Mwekundu

Wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi mnaosoma gazeti hili, naomba nafasi niseme machache juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau. Nasema juu ya ule mstari mwekundu unaotokea chini ya maneno mtu anapoandika barua kwa kompyuta. Kila aliyekaa mbele ya zile kompyuta za zamani katika chumba chetu anaujua. Waandika "Mpendwa Mzazi", nao mstari umekwisha kutokea mara mbili. Waandika "tunawaalika mkutanoni", mstari tena. Barua ya maneno mia moja inapomalizika, ukurasa mzima umekuwa kama daftari la mtoto wa darasa la tatu lililopita mikononi mwa mwalimu mkali.

Maoni yangu ni haya: katika barua ya Kiswahili, mstari ule mara nyingi hausemi kwamba sisi tumekosea. Wasema kwamba mashine haikufunzwa lugha yetu, au imefunzwa lakini imewekwa isome lugha nyingine. Neno hili ni jepesi kulisema, lakini nimeyaona kwa macho yangu mambo yatokanayo na kutolijua, nayo si madogo.

La kwanza ni watu kubadili lugha kwa kuogopa mstari. Mwenzangu mmoja wa kidato cha sita aliandika barua ya kuomba kazi ya kujitolea wakati wa kungoja matokeo ya mtihani. Alianza kwa Kiswahili kizuri, maana aliyekuwa akimwandikia ni ofisi ya kata, na huko shughuli zote huendeshwa kwa Kiswahili. Alipoona ukurasa umejaa wekundu akafuta yote, akaandika upya kwa Kiingereza. Nilipomwuliza sababu akanijibu, "Hii angalau haina makosa." Kumbe barua ya pili ndiyo iliyokuwa na makosa, tena ya nyakati za vitenzi, ila mashine haikuyaona kwa kuwa kila neno likisimama peke yake lilikuwa sahihi. Hivyo kijana aliacha lugha anayoiweza akaenda kujificha katika lugha asiyoiweza, na aliyemfukuza ni mstari.

La pili ni majina. Katika ukoo wetu liko jina la Gama, jina linalojulikana kwa kila Mngoni. Miaka michache iliyopita orodha ya vijana waliomaliza mafunzo iliandikwa katika ofisi moja, ikatumwa kwa barua pepe kwenda ofisi nyingine ili vyeti vichapwe. Karani aliona mstari chini ya Gama, mashine ikampendekezea Gamma, ambalo ni jina la herufi ya Kigiriki, naye akabonyeza kitufe cha kubadili yote. Basi vijana watatu wa kwetu wakageuka Wagiriki kwa siku moja. Watu walicheka, lakini mjomba hakucheka, maana yeye ndiye aliyepanda basi kutoka Namtumbo kuja mjini mara mbili, akalipa nauli, akalipa na wakili, ili mtoto wake aape kwamba Gama na Gamma ni mtu yule yule. Wazazi wanajua ninachosema. Siku hizi jina katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na kitambulisho cha Taifa yapasa lifanane herufi kwa herufi. Herufi moja ikizidi, mtoto husimamishwa dirishani.

Sasa tutazame mashine yenyewe inafanyaje kazi. Wako wanaodhani kwamba ndani ya kompyuta imo akili inayojua Kiswahili na kutuhukumu. Sivyo. Sehemu hiyo ya programu, ambayo wataalamu wa lugha huiita kikagua tahajia, katika programu hizi za zamani ni kama karani aliyepewa orodha ya maneno na kuambiwa, "Kila neno usiloliona katika orodha hii lipigie mstari." Karani huyo hajui maana ya neno lolote. Akipewa orodha ya Kiingereza naye akaletewa barua ya Kiswahili, atapiga mstari mpaka wino umwishie.

Tena yeye huyo huyo atayaacha maneno mengine ya Kiswahili yapite, si kwa sababu anayajua, bali kwa sababu yamefanana na maneno ya Kiingereza. Andika "pole", hakuna mstari, maana kwao ni mti mrefu au nguzo. Andika "wake", "lake", "pale", "mate", "kale", yote yapita salama. Basi mwanafunzi akiandika "nyumba lake", neno "nyumba" ambalo ni sahihi litapigiwa mstari, na "lake" ambalo ndilo kosa litaachwa. Nani mwenye akili atakayemfuata karani wa namna hiyo?

Msidhani kwamba matatizo haya ni yetu sisi tu watu wa Songea. Ilikuwako programu ya barua pepe ya kampuni ya Microsoft iliyoitwa Outlook Express, iliyokuja pamoja na kompyuta za Windows XP na zilizotangulia. Programu ile haikuwa na orodha yake yenyewe ya maneno. Iliazima ile ya programu za ofisi zilizomo katika kompyuta. Mwaka 2007 yalipotoka matoleo mapya ya programu hizo za ofisi, orodha zilibadilishwa namna, na Outlook Express ikashindwa kuzisoma. Iliyobaki ni ya Kifaransa peke yake. Waingereza na Wamarekani wengi wakaamka asubuhi wakakuta lugha yao haimo, bali Kifaransa. Lakini angalia walivyofanya. Hawakuanza kuandikiana kwa Kifaransa, wala hawakusema, "Kumbe Kiingereza chetu kibovu." Walijua kwamba mashine ndiyo iliyoharibika, wakatafuta dawa. Wengine walirudisha programu za zamani, wengine wakahamia programu nyingine. Nasi tungekuwa na moyo kama huo, yule mwenzangu wa kidato cha sita asingeifuta barua yake.

Yuko atakayeuliza: kwa nini basi wasitie orodha ya Kiswahili, mambo yakaisha? Hapa pana jambo lenye utamu wake, nami naomba wasomaji wanivumilie kidogo.

Chukueni kitenzi cha Kiingereza cha kuandika. Maumbo yake ni 5 tu: write, writes, wrote, writing, written. Karani akipewa hayo matano amemaliza. Sasa chukueni chetu. Nafsi ni 6: mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Zitieni katika nyakati 4 tu, -na-, -li-, -ta- na -me-, mtapata maneno 24: ninaandika, uliandika, ataandika, tumeandika, na kadhalika. Yakanusheni hayo, siandiki, hukuandika, hataandika, hatujaandika, mtapata mengine 24, jumla 48. Kisha ndani yake tieni anayetendewa: ananiandika, anakuandika, anamwandika, anatuandika, anawaandika. Hesabu yapanda hadi 288, na hata tukiondoa yale yasiyosemwa, kama mtu kusema "ninaniandika", yabaki zaidi ya 200. Hapo hatujagusa -ki-, -nge- wala hu-. Hatujagusa ngeli za vitu, kama kiliandikwa, zimeandikwa, limeandikwa. Hatujanyambua kitenzi kikawa andikia, andikisha, andikiana, ambavyo kila kimoja chaanza hesabu yake upya. Na kitenzi hiki ni kimoja tu kati ya maelfu.

Basi orodha peke yake haitoshi. Mashine yahitaji kufundishwa kanuni: kwamba a- yaweza kufuatwa na -na-, na -na- ikafuatwa na -ku-, na kadhalika mpaka mwisho wa neno. Ni sarufi ile ile tunayofundishwa darasani, ile ambayo baadhi yetu huipigia miayo. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, Arvi Hurskainen, aliishughulikia kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1992 alichapisha maelezo ya namna kompyuta inavyoweza kulichambua neno la Kiswahili, kiambishi kwa kiambishi. Alitumia njia iliyobuniwa na Mfini mwenziwe, Kimmo Koskenniemi, mwaka 1983. Kifini nacho ni lugha ya kubandika viambishi vingi katika neno moja, kwa hiyo tatizo letu walilijua nyumbani kwao.

Hali kadhalika Wahungaria. Lugha yao ina maneno marefu yenye viambishi vingi, na vikagua tahajia vilivyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza havikuwafaa. Hawakukaa kulalamika. Mmoja wao, László Németh, akatengeneza programu iitwayo Hunspell, yenye faili mbili: moja ya mashina ya maneno na moja ya kanuni za viambishi. Leo Hunspell imo ndani ya LibreOffice, Firefox na Thunderbird, na inatumika kwa lugha nyingi duniani, Kiingereza kikiwamo. Wahungaria nchini mwao hawafiki milioni 10. Sisi tunaosema Kiswahili twahesabiwa kuwa zaidi ya milioni 200, na mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe hiyo ikifika tunaimba na kucheza ngoma, nami sina ugomvi na ngoma. Lakini ningependa siku hiyo pia mtu atuoneshe orodha ya maneno iliyorekebishwa.

Si kwamba hapa kwetu hakuna kilichofanyika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi zenye maelezo yote kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Na LibreOffice ya leo huja na faili mbili za tahajia ya Kiswahili, bila malipo. Kwa hiyo karani wa Kiswahili yupo. Tatizo ni kwamba katika kompyuta nyingi hapa Majengo, za shule na za vibanda vya steshenari, hakuna aliyemwita.

Namna ya kumwita si ngumu. Katika kompyuta zetu programu ya barua pepe ni Thunderbird ya toleo la zamani. Unapoandika barua, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ukurasa, utaona mahali palipoandikwa lugha. Ikiwa Kiswahili kimo, kichague, na utaona wekundu mwingi unatoweka mara moja. Ikiwa hakimo, zitafute zile faili mbili katika folda za LibreOffice, moja ikiishia kwa .dic na nyingine kwa .aff, uzinakili zote mbili katika folda ya Thunderbird iitwayo dictionaries, kisha uifunge programu na kuifungua tena. Ukinakili moja ukaacha nyingine haitafanya kazi, maana mashina bila kanuni ni kama matofali bila udongo. Na kama barua moja ni ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza, badilisha lugha kila uanzapo barua. Wengi husahau hapo, halafu husema programu imeharibika.

Liko kosa jingine linalosumbua. Mtu akiona mstari chini ya neno, hupewa nafasi ya kuliongeza neno hilo katika kamusi ya mwenye mashine. Ni nafasi nzuri, lakini mashine moja hutumiwa na wanafunzi wengi, na wako wenye haraka. Mmoja ameongeza "kwasababu", mwingine "kwahiyo", mwingine "abari". Tangu siku hiyo mashine huyaona maneno hayo kuwa halali, hata kwa wale watakaokuja miaka mitano baadaye. Dawa yake iko. Funga Thunderbird, tafuta katika folda ya mtumiaji faili iitwayo persdict.dat, uifungue kwa Notepad. Utakuta maneno yote yaliyoongezwa, kila moja katika mstari wake. Futa yaliyo mabaya, hifadhi, basi. Nilipoifungua ya mashine moja nilicheka peke yangu, maana nilikuta majina ya timu za mpira, majina ya wasichana, na "kwasababu" ya namna tatu.

Na wenye kuandika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa wajue kwamba kile kialama cha juu, yaani ritifaa, huweza kuleta taabu. Barua ikinakiliwa kutoka programu nyingine, ritifaa iliyonyooka huwa imegeuka kuwa iliyopinda, na mashine hulikata neno vipande viwili, "ng" na "ombe", ikavipigia mstari vyote viwili. Ng'ombe wako hana kosa. Futa kialama, ukipige upya kwa mkono.

Sasa niseme juu ya wale wanaopinga. Mwenzetu mmoja katika mjadala wa jioni alisema kwamba dawa ni kukizima kikagua tahajia kabisa, tuandike kama babu zetu walivyoandika. Mimi sikubali. Kwanza, babu zetu hawakuandika bila kukaguliwa. Kabla ya mwaka 1930 Kiswahili kiliandikwa kwa namna nyingi. Wajerumani waliandika Suaheli na Daressalam kwa desturi ya lugha yao, na wamisionari wa Mombasa hawakuafikiana na wa Unguja. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano Dar es Salaam juu ya elimu na lugha, na mwaka 1928 huko Mombasa ikaamuliwa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Miswada ya vitabu vya shule ilipelekwa kwao, ikasomwa, ikasahihishwa, na kitabu kilichokubaliwa kikapata kibali. Kamusi iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 1939. Kamati ile ndiyo kikagua tahajia cha wakati wake, isipokuwa ilikuwa ya watu, nao walikuwa wakikaa mezani wakibishana.

Ilikuwa na kasoro yake, tena kubwa: katika miaka ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu, na wenye lugha walikuwa nje ya mlango. Kasoro hiyo ndiyo inayonifanya nitilie mkazo jambo hili. Leo mlango haukufungwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitungwa Dar es Salaam, ikatoka mwaka 1981, na BAKITA lipo tangu mwaka 1967. Zile faili mbili za kompyuta zaweza kufunguliwa na mtu yeyote aonaye upungufu. Tukikaa nje safari hii, tutakuwa tumejiweka wenyewe.

Pili, kikagua tahajia kikiwekwa kwa lugha yake chafaa sana kwa kosa la haraka, kama "mwnafunzi" au "mwaliimu", ambalo jicho la mwandishi hulipita. Mimi kila siku hunishika mkono mara mbili tatu, nami hukishukuru.

Ila kina mpaka wake, na mpaka huo lazima ujulikane hasa kwetu sisi wa huku, ambao ndimi zetu hupishana na r na l. Mashine haiwezi kujua kwamba ulitaka "karamu" ukaandika "kalamu", kwa sababu yote mawili ni maneno. Barua ya kuwaalika wazazi katika "kalamu ya mahafali" itapita bila mstari hata mmoja, na wazazi watakuja wakidhani watagawiwa kalamu. Kadhalika "kura" na "kula": kumwambia mtu aende akapige kula ni jambo la kuchekesha, lakini mashine haitacheka. "Thamani" na "samani" nayo hivyo hivyo. Mtu aandike "kitabu hiki kina samani kubwa", maana yake kina meza na viti. "Dhana" na "zana", "fahari" na "fahali", "hari" na "hali", yote yapita. Hapo mkaguzi ni mwenzako anayeisoma barua kabla haijatumwa, na akiisoma kwa sauti ni bora zaidi.

Na majina? Hapo ndipo mashine imeshindwa kabisa, hata ile iliyowekwa kwa Kiswahili. Nimejaribu majina ya kata zetu. Matogoro ilipigiwa mstari, Lizaboni ikapigiwa, Mfaranyaki ikapigiwa, Ruhuwiko ikapigiwa, na Ndilimalitembo ndiyo sisemi. Majina ya koo zetu, Haule, Komba, Mapunda, Nchimbi, Ngonyani, Mbano, yote wekundu mtupu. Jina la Mbano, ambalo ni jina la Nduna Songea aliyenyongwa mwaka 1906 katika vita vya Majimaji, na ambaye mji huu wote waitwa kwa jina lake, kwa mashine ni kosa la kusahihishwa! Haule nimeona likipendekezewa neno la Kiingereza lenye maana ya kukokota mzigo. Simlaumu aliyetengeneza orodha. Yeye hakuzaliwa Ruvuma. Lakini sisi tumezaliwa hapa, na hakuna mwingine atakayetuandikia majina haya.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo naliweka mbele ya walimu wetu wa Kiswahili na mwalimu wa kompyuta, ambao naamini watalipima. Iwekwe orodha moja ya shule, ya majina ya koo, vijiji, kata, mito na milima ya mkoa wetu, pamoja na maneno ya kazi ambayo kamusi ya mashine haina. Kila jina lihakikishwe na mwenye jina au mzazi wake, si kwa kubahatisha, kwa kuwa wako wanaoandika kwa namna mbili, na mwenye jina ndiye mwenye neno la mwisho. Orodha ikiisha kukaguliwa inakiliwe katika ile persdict.dat ya kila kompyuta, na nakala moja ikae ofisini kwa makarani wanaotuma majina yetu ya mitihani. Kazi ya kubonyeza "ongeza" ikatazwe kwa asiyeruhusiwa. Na kitufe cha kubadili yote kisiguswe na mtu yeyote katika barua yenye orodha ya majina, hata akiwa na haraka ya namna gani.

Nimekwisha kuanza na daftari. Lina majina 214 hadi sasa, mengi ya kidato cha kwanza na cha pili, na ya vijiji vya Mbinga, Namtumbo na Tunduru wanakotoka wenzetu wa bweni. Ya upande wa Nyasa bado ni machache, na ya Kiyao na Kimatengo nahitaji msaada, hasa yale yenye ng'. Daftari liko maktabani, katika meza ya magazeti, na penseli imefungwa kwa kamba. Mzazi atakayekuja siku ya kikao aombwe apite hapo, atazame jina lake limeandikwaje.